Mshirika Wangu wa Biashara Ana Kucha

Jumatatu, 4 Machi
Mchumba wangu kapiga simu. Mama yake kamwalika tena yule daktari wa meno anayetaka awe mkwewe, kwa chakula cha mchana. Ana gari jipya na mikono laini. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo: kazi yangu kuwashika wanyama wakichomwa sindano. Nikienda kwao Ijumaa kwa basi, nimekwisha. Lazima nibuni kitu.

Jumatano, 6 Machi
Mungu si Athumani! Mteja wetu, mke wa tajiri, amehamia mji ule ule wa kina mchumba wangu. Paka wake anamfuata kwa ndege binafsi, na anatafutwa mtu wa kumsindikiza. Nilinyoosha mkono daktari hajamaliza kusema. Jioni nikampigia mama mkwe mtarajiwa, nikamwambia nakuja kwa ndege ya mshirika wangu wa biashara. Paka sikumtaja. Akasema watakuja wote kunipokea. Nikamwambia daktari wa meno naye asikose.

Ijumaa, 8 Machi
Viti vya ngozi, abiria wawili. Rubani kanikataza kiti cha dirishani. Ni cha paka.

Nilisogeza kikapu chake ili nijipige picha kama mwenye mali. Kifuniko kikafunguka. Hapo hapo ndege ikaanza kutikisika mawinguni. Tukatua paka yuko kichwani kwangu, mimi natubu dhambi hata ambazo sijatenda.

Kumbe ndege binafsi haziegeshwi walipo watu! Tulisimama ng'ambo ya uwanja, nyuma ya magari ya zimamoto. Dereva wa mke wa tajiri akachukua paka, akaondoka. Wakwe walikuwa wananingoja kwenye ukumbi wa abiria. Aliyenihurumia ni dereva wa gari la taka. Nikashuka mbele yao katikati ya mapipa.

Gari hawakuliona. Wote walitazama mashavu yangu, yamejaa alama za kucha.

Mama mkwe akauliza kwa upole, "Huyo mshirika wako ni mwanamke?"

Ningesema ni paka, yangekwisha. Lakini daktari wa meno alikuwa pale, kashika maua.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ana hasira za karibu tu. Tumeshazoeana."

Mchumba wangu aliondoka bila kuniaga.

Jumamosi, 9 Machi
Kaja asubuhi nyumba ya wageni, macho yamevimba. Nikamweleza yote. Akanusa shati langu, akasikia harufu ya paka, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akasema, "Mimi nilimpenda mshika paka. Huyo wa ndege simjui."

Tukaenda kwao, nikaungama. Mama mkwe kasema heri paka kuliko mwanamke, akanipakulia chakula. Daktari wa meno kanipaka dawa mashavuni, kwa mikono yake laini. Nimeapa mbele yao wote: uongo basi.

Mlangoni, wakati wa kuagana, mama mkwe akanitania: je, siku ya harusi nitafika na nini? Nikausikia mdomo wangu ukisema helikopta.

Kesho nimpigie yule mke wa tajiri. Nadhani ana kobe.