Mchota Bei na Mbaazi za Mama Mkwe

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimepata kazi. Ya kukaa kitini. Ushirika wetu wa mbaazi hapa Karatu umeletewa programu inayoitwa Mchota Bei. Inaingia kwenye masoko ya mazao ya mtandaoni, inachota bei ya siku na kumpelekea wakala. Wakala si mtu, ni akili mnemba inayouza na kununua kwa niaba ya watu. Dada Lilian, aliyekuja nayo kutoka Arusha, anasema wakala hajiongezi. Anasoma mwongozo, anafanya ulivyoandikwa. Mwongozo wa Kiswahili haupo. Nauandika mimi, Patrisi.

Hilary aliitaka kazi hii. Ana cheti cha kompyuta, amekitia fremu. Nilimwambia katibu nimeuza vinyago barabara ya Ngorongoro tangu ujana, biashara ninayo damuni. Hilary akauliza kama programu inauza twiga wa mbao. Watu wakacheka. Nimewasamehe wote isipokuwa yeye.

Nimemshawishi mama mkwe aingize mbaazi zake zote. Fukusi wameshaanza kuzinyemelea. Akasema sawa baba, ila zisipouzwa wiki hii, chumba changu nitakihitaji. Chumba hicho ndicho tunacholala mimi na mke wangu Marsela. Marsela akasema yeye hana wasiwasi, atahamia kwa mama yake. Yaani chumba cha pili.

Jumanne, 19 Agosti

Lilian amenipa maelezo ya Kiingereza, kurasa tele. Nimesoma wa kwanza. Uliza bei, pokea jibu, mpelekee mwenye mali. Basi. Aliyeandika hivi hajawahi kuuza hata kiberiti.

Nimeandika ya kwangu. Bei ikiletwa, usiikubali, hiyo ni ya kuanzia. Guna. Sema haifai. Kisha ondoka taratibu, bila kugeuka, mpaka uitwe. Ukiitwa, usirudi mara ya kwanza.

Lilian akauliza kama nimeujaribu. Nikamwambia dada yangu, umejaribiwa kwa Wajerumani na Wafaransa. Alikuwa anawahi gari la Digodigo, akaupandisha mtandaoni bila kuusoma. Ndivyo wataalamu wanavyoaminiana.

Jumatano, 20 Agosti

Asubuhi imekuja bei ambayo msimu uliopita hatukuiota. Katibu alisimama. Wakala wetu akaandika "Mmh." Akasema haifai. Akaondoka.

Katibu akanigeukia. Nikamwambia tulia mzee, ataitwa. Hilary akauliza ataitwa na nani, na kwa jina gani. Wivu.

Alhamisi, 21 Agosti

Hajaitwa.

Kumbe mwongozo ukishapanda mtandaoni mawakala wote wanausoma, hata wa mnunuzi anasoma wangu. Naye aliguna, akasema haifai, akaondoka. Sasa wote wawili wameondoka, kila mmoja anamngoja mwenzake amwite. Sokoni imebaki bei peke yake, nayo inashuka.

Lilian amepiga simu kutoka Digodigo. Mtandao ulikuwa unakatakata lakini neno "mjinga" lilifika zima. Nimerekebisha mwongozo mara moja. Usipoitwa, ondoka mbali zaidi.

Ijumaa, 22 Agosti

Lilian ameufuta mwongozo. Hilary ameandika mwingine. Uliza bei, pokea jibu, mpelekee mwenye mali. Hana ubunifu hata kidogo. Mbaazi za ushirika zikauzwa kabla ya chai, kwa bei iliyokwisha kuporomoka. Wanachama wanapita mbele yangu bila salamu.

Za Mama hazikuuzwa. Fukusi walishazitoboa, mkaguzi wa ghala akazikataa zote. Mavuno ya mwaka mzima yamerudi nyumbani kwa mkokoteni. Mama hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia Marsela apepete zinazofaa, achemshe. Tumekula mbaazi mchana. Tumekula mbaazi jioni. Kila nikiweka kijiko chini Mama anasema kula baba, zipo.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama amesema chumba anakihitaji leo. Nguo zangu zilikuwa zimeshakunjwa. Nilimuuliza Marsela nani kazikunja vizuri hivi. Akasema yeye.

Sikubishana. Nilimwambia Mama kwa heshima zote kwamba uamuzi huo haufai. Nikachukua begi, nikatoka taratibu, bila kugeuka.

Naandika nikiwa kwa Joseph kinyozi, ng'ambo ya barabara. Dirisha lake linatazama geti la Mama. Joseph ameuliza mara mbili kama nanyoa au sinyoi, maana anataka kufunga. Nimemwomba avumilie, biashara iko ukingoni.

Sasa hivi Mama ametoka. Ameangalia barabara kushoto na kulia. Amefunga geti kwa kufuli, tena kufuli jipya. Mtu hagharamii kufuli jipya kwa ajili ya mtu asiyemjali.

Akiniita, sirudi mara ya kwanza.