Tuta la Masale

Marangu, Jumatatu, 5 Mei 2025
Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Januari sijakuandikia hata mstari. Aibu kwa mwalimu mstaafu aliyewaadhibu wengi kwa uvivu wa kuandika! Sababu ni magoti. Hayakunjiki. Bustani yangu ya mboga imejaa maji ya masika, na fuko amekula kilichosalia. Mke wangu, Elisifa, ametoa hukumu: mwezi huu ukiisha bila mchicha mezani, eneo lote litapandwa majani ya ng'ombe wake. Nimewashinda wakaguzi wa elimu. Sitashindwa na ng'ombe!

Jumatano, 7 Mei
Ufumbuzi umepatikana. Tuta la kuinuliwa! Kimo cha kiuno. Maji yatachuja, fuko atakwama chini, nami nitapalilia nimesimama wima, kama mtu mwenye heshima zake. Mbao ni ghali. Lakini masale, ile mimea ya shina jembamba iliyopandwa mpakani, kati yangu na jirani Filemon, yamenyooka, hayaozi, tena ni ya bure. Nimekata safu nzima. Elisifa ameuliza kama nimemwarifu Filemon. Nimemjibu kwamba bustani haihitaji kikao.

Ijumaa, 9 Mei
Limekamilika! Liko hatua nne ndani ya shamba langu, penye jua, mbali na kivuli cha migomba. Masale nimeyachimbia yakabanana kama ukuta. Ndani nimetandika wavu wa kumzuia fuko, kisha maganda ya migomba, udongo na samadi. Nimesia mchicha bila kuinama hata mara moja. Nimelizunguka mara tatu kulitazama.

Jumamosi, 10 Mei
Filemon amefika asubuhi. Shikamoo nyingi, tabasamu refu. Amenishukuru kwa ardhi! Amesema kila mtu hapa anajua kuwa palipopandwa masale ndipo mpaka. Ya zamani nimeyakata kwa mkono wangu, mapya nimeyapanda kwa mkono wangu. Basi hatua nne zilizo nyuma ya tuta ni zake. Amekuja na maharage ya kupanda! Nimemwambia huo ni upuuzi. Akasema, “Mwalimu, zawadi hainyang'anywi.” Kisha akadai nusu ya mchicha, kwa kuwa tuta liko mpakani. Elisifa alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada, Mzee Ebenezeri wa ukoo wetu alikuja kutazama visiki. Alisema katika umri wake wote hajaona mtu akijidhulumu kwa panga lake mwenyewe. Hukumu: nimpe Filemon jani la isale, ambalo kwetu ni ishara ya kutaka msamaha, niombe radhi kwa kukata mpaka bila kumwambia, kisha tuupande upya pamoja. Nikikataa, mpaka ni tutani. Mimi, nimwombe radhi mtu niliyemfundisha kuzidisha! Nilichuma jani kwenye tuta langu, nikaenda. Jani la isale halikataliwi. Filemon alilipokea kwa mikono miwili, akakiri kwamba alitaka kuarifiwa tu. Maharage yale yalikuwa ya kupika. Tumeupanda mpaka. Aliyeinama ni yeye.

Ijumaa, 30 Mei
Mchicha mezani! Elisifa ameuchuma amesimama, akakiri kwamba hauna tope wala jino la fuko. Ng'ombe amenyimwa bustani. Filemon naye ameomba nimwelekeze ajenge tuta, maana mgongo wake umechoka. Nami nataka la pili, la karoti. Elisifa amenikumbusha kwamba mbao zipo sokoni Kiboriloni. Gharama isiyo na maana! Kule chini, mpakani na shemeji yangu Eliaichi, kuna masale marefu, yamenyooka kama rula. Kumwarifu ni kupoteza muda. Kuomba radhi nimekwishajifunza. Swali ni moja tu: nianze kukata kutoka juu au kutoka chini? Nikishaamua, nitaandika.