Waifai ya Nadhira

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimefuta Windows kwenye laptopu ya dukani, nimeweka Linux. Ya bure, haina virusi. Rajab mwenye duka la mkabala hapa Mtambile atanijua! Tatizo dogo: waifai haishiki. Mdogo wangu Nadhira anatuma maombi ya chuo cha uuguzi, mwisho Ijumaa. Nimemwambia asihangaike, kaka yake fundi.

Jumanne, 4 Juni
Rajab kaja bila kuitwa. Kasema nisinunue kadi ya waifai kabla ya kujua chipu iliyomo ndani, maana si zote zinazokubali Linux. Kaniandikia kwenye karatasi jina la chipu ya kadi anayotumia yeye. Kanifanya mtoto wa darasa la kwanza! Nimeichana mbele ya wateja.
Nikaenda mjini Chake Chake, dukani kwa Wasim. Kauliza nataka chipu gani. Nikamwambia ile ya buluu.

Jumatano, 5 Juni
Haishiki. Nimechomeka kulia, nimechomeka kushoto. Programu ya kuiendesha iko mtandaoni. Mtandao ndio ninaoutafuta! Mke wangu, Khairiya, kauliza kwa nini nisiunge simu kwa waya nikapata mtandao humo. Nimemwambia abaki na mambo ya jikoni. Kabaki nayo. Chakula cha mchana sikupakuliwa.

Alhamisi, 6 Juni
Wasim kanibadilishia, muungwana yule. Nimechukua nyeusi. Boksi limeandikwa inakubali kompyuta zote. Uongo mtupu. Nadhira kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, vyeti kwenye bahasha. Alasiri kauliza polepole kama nina hakika. Nikamfokea. Machozi yakamtoka. Nikaona vibaya, basi nikamfokea na Khairiya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi kutoka msikitini, benchi tupu. Nadhira yuko kwa Rajab, maombi yameshakwenda. Rajab kanitazama bila kucheka.
"Ndugu yangu, nikuandikie tena lile jina?"
Upole wake ndio unaonichoma. Nikamjibu sina haja. Nadhira alikuwa akiangalia chini.

Jumapili, 9 Juni
Nadhira kaja kuniomba radhi, eti kaniaibisha. Nimemsamehe. Khairiya kasikia, kacheka mpaka kakaa chini.
Baadaye Wasim kapiga simu: kadi mpya zimefika. Akaanza kunisomea jina la chipu. Nikamkatiza, anambie ina antena ngapi. Mbili.
Ya Rajab ina moja. Nimemwambia aniwekee.