Ndege Aliyemeza Dunia Muhuru Bay

Jamani, leo Dunia imeliwa. Mbele yangu, mchana kweupe, mgeni akiangalia. Kabla hamjaanza kucheka, ngojeni nieleze mwenyewe, kwa sababu najua video inakuja, na mimi niko ndani yake nikikimbia na kiatu kimoja.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Akinyi. Nafundisha sayansi Gredi ya Saba katika shule ya hapa Muhuru Bay, karibu sana na ufuo, mpaka mipira ya watoto huishia ziwani. Sasa, kulikuwa na darubini. Darubini ya kweli, ya kuangalia mwezi na nyota, yenye miguu yake mitatu! Wafadhili walikuwa wameamua kuipatia shule moja tu: sisi, au shule fulani kule upande wa Rangwe. Wale wa Rangwe wana kompyuta na projekta. Sisi tuna mimi. (Nyamazeni.)

Mgeni angekuja, aone vile unafundisha mambo ya anga kwa vifaa mlivyotengeneza wenyewe, kisha aamue. Watoto wangu waliitaka hiyo darubini mpaka wakaanza kuiombea kwenye maombi ya asubuhi, kama mgonjwa aliyelazwa.

Tukatengeneza sayari. Magazeti ya zamani, uji mzito badala ya gundi, rangi juu. Zohali tuliivalisha pete ya kifuniko cha ndoo. Dunia ilikuwa ndogo, kama limau lililoshiba, lakini ilikuwa nzuri! Buluu hapa, kijani pale, na ziwa letu tukalichora kubwa kuliko Afrika yenyewe (brashi ilikuwa yetu).

Jana mvua ikanyesha na sayari zikakataa kukauka. Hapa kwetu kitu chochote kikilowa kinapelekwa kwenye nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Sare ya shule, shuka, Biblia iliyoanguka majini, vyote huanikwa pale mchangani kando ya samaki, kwa sababu upepo unapita juu na chini. Nikaenda kwa Min Auma, jirani yangu anayeanika omena, nikamwomba kona.

"Weka tu, mwalimu," akasema. "Lakini hizo vitu zako zitanuka omena."

"Kwani omena inanuka?"

Akafikiria kidogo. "Watu wa Nairobi husema hivyo."

Tukacheka sana, wanawake wawili wajinga. Mtu aliyezaliwa hapa, pua yake iliacha kusikia omena kabla hajaota meno.

Leo asubuhi sayari zilikuwa zimekauka kau. Tukazipanga uwanjani, kila moja juu ya debe lililopinduliwa, na katikati beseni la manjano kuwa Jua. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Mgeni akafika, Bi. Nekesa kutoka Homa Bay mjini, nguo nyeupe pe, sanduku la darubini nyuma ya gari. Watoto walilisalimia sanduku kabla ya kumsalimia yeye.

Akazunguka sayari zetu. Akasimama. Akakunja pua.

"Mwalimu, kuna harufu fulani hapa."

"Harufu gani, madam?"

"Kama ya samaki?"

Nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Mwalimu Mkuu akavuta. Darasa zima likavuta, puani kwa bidii, kama tuko kwa daktari. Hakuna!

"Itakuwa ni ziwa, madam," nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyesoma.

Lakini kuna wengine waliosikia. Mnawajua wale makorongo wakubwa wa hapa ufuoni, wenye upara na mfuko shingoni, wanaotembea kando ya nyavu kama machifu waliostaafu? Mmoja aliacha nyavu, akaja polepole mpaka ukingoni mwa uwanja. Nilimwona. Nikasema moyoni, tazama, hata ndege wamekuja kusoma.

Nikaanza somo. Sauti yangu ilikuwa nzuri leo, siwadanganyi.

"Hii ndiyo Dunia," nikasema, nikiielekeza kwa rula ya mita, nikimwangalia Bi. Nekesa usoni. "Kati ya sayari zote, hii ndiyo imewekwa mahali salama kabisa. Hakuna kitu kinachoweza..."

Kop!

"Madam!" watoto wakapiga kelele. "Dunia! Dunia inaenda!"

Nikageuka. Debe tupu. Korongo amesimama pale, mdomo juu, macho ameyafumba kwa utamu. Tukaiona Dunia ikishuka shingoni mwake polepole, bara kwa bara.

Mwalimu mwenye akili angefanya nini? Angesema, "Watoto, tuendelee na Mirihi." Mimi nilimkimbiza. Nilimkimbiza na rula, nikipiga kelele, "Tapika! Tapika Dunia!" kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Dholuo kwa sababu ni ndege wa hapa. Kiatu kimoja kikabaki matopeni. Korongo hakuruka hata. Alitembea tu kwa haraka, akinitazama kwa jicho moja. Nilipokata kona karibu na Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, nikateleza, nikaikalia. Mshtarii ikawa chapati.

Wenzake walikuwa wanangoja ishara hiyo. Wakashuka! Mmoja akabeba Mirihi, mwingine Zuhura. Mwalimu Mkuu alivua koti akaifunika Zohali, akailalia kama mtu anayeficha mtoto. Bi. Nekesa naye alikuwa ametoa simu, anarekodi.

Nilikaa pale kwenye tope, sketi imelowa, nikafikiria Rangwe. Darubini ilikuwa imeenda. Nitawaangaliaje hawa watoto kesho kwenye maombi? Nilitaka kulia, na nilikuwa nimeshaanza kidogo.

Hapo ndipo Atieno alipotoka kwenye foleni. Atieno ni yule msichana ambaye kila siku namwambia apunguze maneno. Akaenda akasimama mahali pa Dunia, kando ya debe tupu, akainua mikono.

"Mimi ndio Dunia!" akatangaza, akaanza kujizungusha. "Beryl, kuja ukuwe mwezi. Wewe Omondi, leta tairi, ukuwe Zohali!"

Hakuna aliyewatuma. Omondi akaingia ndani ya tairi la pikipiki, akalishika kiunoni. Mwingine akajitangaza Mirihi, mwingine Zuhura (wakagombana kidogo), na wote wakaanza kulizunguka beseni, kila mmoja kwa njia yake. Beryl alikuwa anakimbia kumzunguka Atieno, jasho linamtoka. Uwanja mzima ukawa anga.

Bi. Nekesa akashusha simu. "Haya, Dunia," akasema. "Mwezi mpevu tunauona lini?"

Atieno akamsimamisha Beryl upande wa mbali, yeye mwenyewe akiwa katikati ya Beryl na beseni. "Hapa, madam. Jua liko nyuma yangu, linamulika uso wa Beryl wote."

"Umejuaje?"

"Mwalimu ametufundisha. Na hata nyumbani tunajua. Mwezi ikijaa, baba haendi ziwa. Omena hufuata taa, na mwezi iking'aa hivyo, taa ya baba haionekani kitu. Tunakula mboga ya sukuma tu." Akamvuta Beryl mpaka upande wa beseni. "Sasa hapa Beryl ametupea upande wa giza. Hapa ndio baba anajaza boti, na mama anaimba."

Niliwahi kufurahi siku ya harusi yangu. Hii ilikuwa zaidi. (Mume wangu, ukisoma hapa, tutaongea.)

"Mwalimu, inuka," Bi. Nekesa akaniambia.

"Nimekalia Mshtarii, madam."

Akacheka mpaka akashikilia gari. Kisha akapangusa macho. "Kule kwingine nilionyeshwa picha nzuri sana ukutani. Nilipouliza swali, watoto wote wakamwangalia mwalimu. Hapa mwalimu ameanguka na somo limeendelea."

Akafungua mlango wa nyuma. Akatoa sanduku. Akaliweka mikononi mwangu, na tope langu lote!

Kelele iliyotoka hapo, Tanzania walisikia. Mwalimu Mkuu alisahau Zohali akacheza. Min Auma alipiga vigelegele kule kwenye nyavu bila kujua ni kwa nini. Atieno akapewa nafasi ya kwanza. Jua lilikuwa kali, na nimewafundisha kwamba darubini haielekezwi juani kamwe, kwa hivyo akailenga kwenye paa la darasa. Akafumba jicho moja.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Madam, namwona yule ndege! Amesimama kichwa chini, miguu juu!"

"Hiyo ni darubini. Ya nyota hupindua vitu."

"Mdomo wake bado iko na buluu!"

Kwa hivyo darubini ni yetu, na naomba mtu yeyote asinicheke. Mkumbuke Dunia iko wapi saa hii, na nyinyi nyote mmo.