Kiwanja cha Mkurugenzi Ndani ya Seva

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Bodi, uliyekuja kwa niaba ya Mwenyekiti ambaye naye alikuwa aje kwa niaba ya mtu mwingine; Mganga Mkuu wa hospitali hii; wakuu wa idara, wakuu wa vitengo na wakuu wa vitengo visivyo na watu; wauguzi, wahudumu, walinzi, fundi wa spika; wagonjwa wapendwa mlioruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi lakini mkaombwa mketi kidogo ili viti vijae; na kwa namna ya pekee kabisa, mama mkwe wangu, uliyeketi mstari wa mbele kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe tulichomwekea Mgeni Rasmi: itifaki imezingatiwa, na kama ipo iliyobaki, nayo pia izingatiwe. (Makofi ya wastani. Mgeni Rasmi anavutiwa kiti cha plastiki.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali, Mifumo, Ubunifu na Masuala Yanayofanana na Hayo, cheo ambacho nilikiandika mwenyewe na ambacho hakikuenea mlangoni, ikabidi maneno mawili ya mwisho yaandikwe ukutani. Mimi ni mnyenyekevu. Utafiti shirikishi tulioufanya ofisini kwangu, ambapo waliohojiwa ni mimi na katibu wangu, umeonyesha kwamba unyenyekevu wangu umepanda kwa asilimia mia moja na nne. (Kicheko. Mama mkwe hacheki.)

Tumekusanyika kuzindua Mradi Mkuu, Endelevu na Jumuishi wa Upanuzi wa Hifadhi ya Seva, na nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza jinsi mradi huu ulivyobuniwa, ulivyochakatwa na ulivyotekelezwa kwa viwango vya kimataifa. Lakini leo asubuhi wakati wa chai mama mkwe aliniambia, mbele ya mke wangu, kwamba nikithubutu kuongeza chumvi atasimama na kuieleza habari yote yeye mwenyewe. Mnaomfahamu mnajua kwamba mama huyu akisimama hakalishwi. Kwa hiyo nitaieleza mimi.

Kwanza niwaelimishe. Nyuma ya utepe huu kuna chumba chenye baridi, na ndani yake kuna seva yetu, yenye diski kadhaa. Diski hizo hazifanyi kazi kila moja kivyake. Zimeunganishwa zikawa kundi moja, tuseme shamba moja kubwa lisilo na mpaka katikati, halafu shamba hilo likakatwa viwanja. Kuna kiwanja cha kumbukumbu za wagonjwa, kuna cha maabara, kuna cha picha za eksirei. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kiwanja kimoja kikijaa, unachukua ardhi iliyobaki shambani unakipanua, huku watu wanaendelea kukitumia, hakuna anayeambiwa atoke. Ni jambo la kupendeza sana, na nililisomea, na nililifanya kwa mikono yangu miaka ile nilipokuwa bado nafanya kazi. (Kicheko kikubwa kutoka upande wa wauguzi.)

Sasa basi. Shambani mle kulikuwa na kiwanja cha nne. Kiliitwa Uongozi. Kilikuwa kikubwa kuliko vile vitatu vikiwekwa pamoja, na nilikikata mimi, siku chache baada ya kuapishwa, ili kuhifadhi video za hotuba zangu kwa ubora wa hali ya juu, kwa manufaa ya vizazi vijavyo ambavyo kwa kweli havijawahi kuziulizia.

(Mama mkwe: "Sema na ile televisheni!")

Nakuja huko, mama. Nakuja.

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye kikao cha kupanga vikao, mke wangu akanipigia simu. Akaniambia, "Mama ameanguka bafuni, mguu umevimba. Nimemleta hapo kwenu. Tuko dirisha la mapokezi, na huyu dada anasema sistimu haipokei jina."

Nikamwambia, kwa sauti ile mnayoifahamu, kwamba suala hilo lipo kwenye mchakato.

Akasema, "Mchakato ndiyo nini? Mama amekaa kwenye benchi la mbao, mguu umekuwa kama gogo. Njoo!"

Nikashuka. Waheshimiwa, mimi kule mapokezi huwa napita na msafara, kwa hiyo sikuwa nimewahi kuuona mstari wenyewe. Ulianzia dirishani, ukapinda kwenye korido, ukatokea hadi kwenye maegesho. Kulikuwa na mzee amejifunga kanga ya mkewe kichwani kuzuia damu. Kulikuwa na mama amembeba mtoto ambaye hakuwa analia tena, na kule kutolia kwake ndiko kulikoniogopesha. Yule karani wa dirishani, binti mpole, alikuwa anawaambia watu kitu kilekile, "Nikiandika jina linakataa, mashine inasema imejaa, na bila jina daktari hawezi kuagiza kipimo." Na juu ya vichwa vyao wote, kwenye televisheni kubwa ya ukutani, nilikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu, nahutubia kuhusu huduma bora kwa mteja. (Mtu mmoja nyuma anakohoa.)

Nikaenda mbio chumba cha seva. Pale nikamkuta mhandisi wetu, ambaye tulisoma naye darasa moja, na ambaye hospitali nzima humwita Dada Kiyoyozi, kwa sababu hatoki kwenye kile chumba na kwa sababu maneno yake nayo yana baridi. Nikamwuliza kiwanja cha wagonjwa kimejaaje. Akanijibu bila kugeuka, "Kimejaa wagonjwa."

"Si ukipanue?"

"Kwa ardhi ipi? Shamba lote limegawiwa. Niliomba diski mpya, ukaniambia ziko kwenye mchakato. Nikajua maana yake."

"Kwa hiyo hakuna nafasi kabisa?"

Hapo ndipo akageuka. "Nafasi ipo, Mkurugenzi. Umeikalia."

Jasho likanitoka ndani ya chumba ambacho watu huingia na sweta. Nikamwambia, ndugu yangu, basi chukua kidogo, punguza kile kiwanja cha Uongozi, hamisha kipande. Akasema kukipunguza si sawa na kukipanua. Kukipunguza lazima ukifunge, ukikague, uvisogeze vilivyomo, na vilivyomo vimejaa mpaka mlangoni, havina pa kusogea. Njia ya haraka ni moja tu, kukiondoa kiwanja chote pamoja na kila kitu kilichomo, ardhi irudi shambani, wapewe wagonjwa. Na pa kunakilia video zote zile hakuna.

Nikasema sawa. Halafu nikasema ngoja.

Niseme ukweli kwa nini nilisema ngoja, maana watu wengi mmekuwa mkisema niliuonea uchungu uso wangu. Hata huo niliuonea uchungu, sikatai. Lakini mle ndani kulikuwa na video ya siku niliyoapishwa, na siku ile marehemu baba yangu alikuja. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, hakupenda kupigwa picha, alikuwa akisema sura yake si ukuta wa kutazamwa. Nina picha yake moja ya kitambulisho. Akiwa anatembea, anapepesa macho, anasogeza kofia, hayupo popote isipokuwa kwenye ile video.

Kiyoyozi akalegea kidogo. Akachomoa flashi mfukoni, akasema, "Hii inatosha video moja. Itafute, lakini fanya haraka."

Tukafungua. Waheshimiwa, mimi ndiye niliyekuwa naziita majina hizo video. Ya kwanza inaitwa Hotuba ya Mwisho. Inayofuata inaitwa Hotuba ya Mwisho Kabisa. Inayofuata inaitwa Hii Ndiyo ya Mwisho. Na kuendelea. (Kicheko. Makamu Mwenyekiti anajifuta machozi.) Ikawa hakuna njia ila kuzitazama moja moja. Nikakaa pale, mimi mtunzi, mimi msemaji, nikaanza kujisikiliza.

Sijawahi kupewa adhabu kama ile. Ndani ya video moja nilifungua mradi, nikaupongeza, nikaufunga, na mpaka mwisho sikuelewa ulikuwa mradi wa nini. Katika nyingine nilisema "kwa ufupi", nikanywa maji, kisha nikaanza upya. Katikati ya mateso hayo mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe, amekalia kiti cha magurudumu, anasukumwa na mke wangu. Kule nje kulikuwa na joto, mtu kawaambia huku kuna baridi. Akatazama kioo cha kompyuta, akasikiliza kwa adabu yote. Mwisho akaniuliza, "Baba, hilo neno mkakati ni la lazima kila unapovuta pumzi?"

Nikamwambia, "Mama, namtafuta mzee. Siku ile ya kuapishwa."

Mke wangu akanishika bega. Tukaendelea kutafuta. Nikajiona na suti ya kijivu, nikajiona na suti ya buluu, nikajiona nakata utepe wa choo. Baba hayumo. Na kupitia mlangoni nikasikia mapokezi watu wanapandisha sauti. Kisha yule karani akaja mwenyewe, ameacha dirisha, anahema. Akasema, "Samahani bosi, yule mtoto anapumua vibaya. Daktari anataka faili lake la nyuma, kuna dawa zinamdhuru, mama yake hazikumbuki. Faili halifunguki."

Nikamtazama Kiyoyozi. Nilitamani aseme, ili iwe yeye aliyesema.

Nikasema, "Futa."

Akasema, "Kaa hapa, andika mwenyewe. Kiwanja ni chako."

Nikaandika amri. Vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Nikabonyeza, seva ikakataa! Ikasema kiwanja kinatumika, kuna mtu anakisoma sasa hivi. Nikang'aka, nani huyo? Kiyoyozi akasema, "Ni wewe. Kule ukutani mapokezi."

(Mama mkwe: "Ndiyo hiyo televisheni!")

Ndiyo hiyo, mama. Nikatoka mbio, mimi Mkurugenzi, tai imeruka begani, nikapanda juu ya benchi katikati ya wagonjwa, nikajizima. Na mstari wote, waheshimiwa, pamoja na yule mzee wa kanga kichwani, ukapiga makofi. Nimehutubia miaka mingi. Makofi kama yale sijawahi kuyapata. (Makofi marefu. Mama mkwe anapiga meza.)

Nikarudi, nikaandika tena. Safari hii seva ikauliza kama nina hakika. Hilo swali ni la kawaida, inamwuliza kila mtu. Nikabonyeza ndiyo. Kiwanja kikaondoka kimyakimya, hakikulia wala hakikuaga. Kiyoyozi akaichukua ile ardhi, akawapa wagonjwa, akakipanua kiwanja chao huku karani akiwa tayari amesharudi dirishani, na kabla sijafunga vizuri tai tukasikia printa ya mapokezi inaanza kunguruma. Faili la mtoto likafunguka. Dawa ilibadilishwa. Mtoto yule yuko wodi ya pili, na leo asubuhi amemtupia muuguzi kijiko. (Vigelegele.)

Mama mkwe akapigwa eksirei, mfupa haukuvunjika, ulishtuka tu. Nikamsukuma mwenyewe hadi kwenye gari. Njiani nikawa nimeinamisha kichwa, akaona. Akasema, "Unamwaza mzee."

Nikasema, "Sikumpata, mama. Sasa ndiyo basi tena."

Akasema, "Mimi siku ile nilikaa naye ubavuni. Alilala."

"Alilala?"

"Ulipoanza tu wadau, wadau, alilala fofofo. Nikamwacha. Baadaye akashtuka, akaniuliza, 'Bado anasema?' Nikamwambia bado. Akasema, 'Basi mwanangu mzima,' akasogeza kofia, akalala tena."

(Msemaji ananyamaza. Fundi wa spika anadhani waya umekatika, anauchezea.)

Waya mzima, fundi. Acha tu.

Waheshimiwa, hilo kamera haikulichukua. Ningeipata ile video ningeona mzee amelala, ningekasirika.

Kwa hayo machache, ambayo kwa mujibu wa mama mkwe si machache, naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema hifadhi, mseme ya wagonjwa! Hifadhi! (Ya wagonjwa!) Nikisema diski mpya, mseme hazipo! Diski mpya! (Hazipo! Mgeni Rasmi anamwuliza jirani yake kitu sikioni.) Mradi Mkuu, Endelevu na Jumuishi! (Sauti zinagongana.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli nyingi na kuja kuzindua mradi ambao haujawahi kuwapo. Hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichojengwa. Nyuma ya utepe ni chumba kilekile, diski zilezile, na Dada Kiyoyozi, ambaye ameomba usiukate utepe sasa hivi kwa sababu ameutumia kufungia waya wa umeme. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka, nikaona aibu kuzirudisha. Asanteni sana.

(Makofi. Muuguzi wa chumba cha vidonda anapita katikati ya viti, anamsogelea Mgeni Rasmi, na kumwomba kwa heshima, kama hautumiki, arudishe mkasi wao.)