Bomba Lisilopitisha Tonge la Bada

Masaki, Kisarawe
Agosti, 1953

Kwa Bwana Mganga uliyenitia bomba kooni,
Dar es Salaam.

Bwana Mganga Mheshimiwa,

Pokea salamu na shukrani zangu. Kabla hujanitia bomba hili la waya wa kusokotwa, saratani ilikuwa imeniziba koo hata mate yakirudi. Sasa uji unapita. Ila mficha uchi hazai, nami nina malalamiko juu ya umbo la bomba lenyewe.

1. Ni jembamba mno. Aliyelibuni bila shaka ni mtu wa chai na supu, hajapata kuona tonge la bada, ugali wetu wa muhogo. Huku kwetu tonge hupimwa kwa kiganja.

2. Ulikataza nyama, na mke wangu Biubwa anaishika amri yako kuliko amri zangu zote. Kila kitu hutwangwa, huchujwa, kisha huchujwa tena. Hata kisamvu nakinywa!

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Sisi wanaume hula barazani, sinia moja. Wanawake hula jikoni. Kwa kuwa mimi hunywa kidogo kidogo, nikohoe, nipigwepigwe mgongoni, nimehamishiwa jikoni. Mimi, mwenye baraza! Mahali pangu amekaa jirani yangu Twalibu, na finyango zote za nyama sasa ni zake. Ameniuliza mbele za watu kama nimeshajifunza kusuka ukili wa mikeka na wanawake wenzangu. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka. Ulisema mwenyewe kwamba ugonjwa umefika mbali na bomba halitauponya. Basi sitaki kufa nikiwa mtu wa jikoni.

4. Kwa hiyo naomba bomba jipya, pana kama mchi, lenye mlango wa pembeni wa kupitishia finyango. Likishindikana, mtie Twalibu bomba kama langu. Na hilo likishindikana, Bwana Gavana atoe amri wanaume wote wa Kisarawe wanywe uji mpaka nitakapozikwa.

Nisalimie wauguzi wote, na mpishi wenu pia, ingawa chumvi haijui.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu,
Mwinyijuma bin Mfaume

Tanbihi: Barua imechelewa kwa sababu jana jikoni Biubwa alimwiga Twalibu anavyokula, nikacheka hadi uji ukanitokea puani. Tumeoana tangu vita vya Mjerumani, na sikujua kwamba mke wangu ni mcheshi, maana sikuwahi kula naye. Tena nimegundua kwamba naye anakunywa uji uleule, bada yake huwapa majirani, ili nisinywe peke yangu. Tafadhali, Bwana Mganga, bomba usiliguse. Siku nilizobakiwa nazo ni chache, nami nataka kuzimalizia jikoni.