Kikombe cha Kwanza

Injinia, cheo alichojitunuku siku aliponunua kofia ngumu ya plastiki, aliiona barua ya mkaguzi wa afya imebandikwa mlangoni mwa kiwanda cha maziwa, akafurahi kama mrithi. Utando wa rangi ndani ya tangi kuu ulikuwa umebambuka. Usipopakwa mpya ndani ya siku kumi, kiwanda kingefungwa.

"Mama, rangi yangu bakteria wakiiona huomba radhi," alimweleza mjane mwenye kiwanda.

"Na kutu?"

"Hufa kwa aibu."

"Mafundi wengine wanataka tangi likwanguliwe kwanza, chuma kibaki kitupu. Na wenyewe kukwangua hawataki."

"Hao hawakusoma. Yangu hupakwa juu kwa juu. Ujira wangu ni ile pikipiki yako tu."

"Funguo utapewa kazi ikiisha, mwanangu."

Kwa uadilifu wake unaojulikana, Injinia alikoroga rangi ya mabati na poda ya watoto, ili tangi linukie usafi, akapaka juu ya kutu, magamba na buibui mmoja aliyechelewa kuhama. Kesho yake tangi lilimeremeta. Pembeni alisimama mkaguzi, bwana mwenye koti jeupe na uso wa msiba. Mjane akamimina maziwa tangini, akafungua bomba, akakinga kikombe.

"Hapa kwetu tangu enzi za marehemu, aliyetoka tangini mwisho ndiye anayekunywa kwanza. Karibu."

Juu ya maziwa yalielea magamba ya buluu.

"Nimefunga, mama."

"Asubuhi umekula mikate minne mezani kwangu."

"Maziwa hunidhuru."

"Mbona chai uliomba iongezwe maziwa mara mbili?"

Mkaguzi akakohoa. "Asipokunywa, nitampeleka kituoni pamoja na hicho kikombe."

Injinia alikitazama kikombe, akaitazama pikipiki, kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema kweli: rangi ya mabati, poda, hata buibui.

"Basi chagua," alisema mkaguzi. "Kituoni, au ukwangue."

Alikwangua siku tatu, amejikunja ndani ya tangi kama dagaa mkebeni, akitoka jioni mwekundu wa kutu toka nyusi hadi kucha. Siku ya nne chuma kilibaki kitupu, na mafundi wa kweli wakawasili na makopo yao yenye lakiri. Mkubwa wao akachungulia tangini.

"Mama, nani kakufanyia kazi hii? Sisi tungeikimbia."

"Injinia mmoja. Kajitolea."

Injinia akageuka kumuaga mkaguzi kwa heshima, akamkuta ana futi ya kupimia nguo shingoni, anamkagua mjane mshono wa bega.

"Shemeji," alikuwa akisema, "lile koti jeupe nimelifumua. Kitambaa kinatosha mapazia mawili."

Injinia alivaa kofia yake, akashika njia. Alipofika getini, mjane akamwita kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu! Tangi dogo nalo limebambuka. Rangi yako haikubaki hata kidogo?"